Jina Nyuma ya Mpini

Baba yetu, Orville Stutzke, amekufa akiitwa mwongo. Waliomwita hivyo wangesema ni utani tu wa wazee wanaokunywa kahawa pamoja kila asubuhi, lakini mimi, binti yake, nimekulia katika utani huo na sijawahi kuona cha kuchekesha. Kila alipoanza kusimulia kwamba bibi yake, Hulda, ndiye aliyepeleka barua kwa farasi katika vilima hivi vya Nebraska, na kwamba watu walichanga wakamnunulia bastola iliyochorwa jina lake, mmoja alimkonyeza mwenzake na mwingine akauliza kama huyo bibi alikuwa na mabawa pia.

Bastola yenyewe ilikuwepo. Baba aliitunza ndani ya soksi ya sufu. Ilikuwa imepiga weusi na kushikwa na madoa ya kutu. Nilipokuwa mdogo alinipakata, akanishika kidole na kukipitisha nyuma ya mpini, pale kwenye chuma, nizisikie herufi. Kwa macho hukuona kitu, ila kidole kilizisikia.

Baada ya mazishi nilikwenda kwenye jumba la makumbusho la wilaya. Wana ukuta mzima wa picha za wapeleka barua wa zamani, wote wanaume. Mama anayelisimamia aliniambia waziwazi: nikimpata mtu anayezijua bunduki, akathibitisha kwamba bastola ni ya miaka ile na jina limo, Hulda atapewa nafasi yake ukutani. Sikutaka zaidi ya hapo. Nilitaka wale wazee wa kahawa wapite pale wamwone.

Bastola ilikuwa kwa kaka yangu Darrell, kwa sababu yeye ana sefu na mimi ninaishi kwenye nyumba ya kupanga. Nikamwambia ailete siku ya maonyesho ya bunduki, ambako wataalamu hukaa na meza zao, kwenye ukumbi wa wilaya.

Mlangoni mlinzi aliipokea, akaifungua silinda kuhakikisha haina risasi, akaifunga kwa kamba ya plastiki kama wanavyozifunga zote. Nikaangalia. Ilikuwa inang'aa kama sufuria mpya ya harusi. Kwanza nilidhani Darrell ameleta nyingine.

"Umeiona?" akaniuliza, tabasamu limemjaa uso.

Darrell hufufua malori ya zamani. Hawezi kuona chuma kikuukuu akakiacha kilivyo, na kabatini kwake vikombe vya ushindi wa maonyesho ya malori havina tena pa kukaa. Akanieleza kwa furaha jinsi alivyoisugua kwa gurudumu lile lile analong'arishia bampa, kisha akaipeleka ikapakwa nikeli, madini meupe yanayong'aa. Mimi nilikuwa nimeshapitisha kidole nyuma ya mpini. Pamelainika kama kijiko. Nikamtangulia kwenye meza za wataalamu, nikijidanganya kwamba labda mtaalamu ataona nisichokisikia.

Kwenye meza ya kwanza nilifanywa kama sipo. Mimi nauliza, mwenye meza anamjibu Darrell, halafu akaninyooshea kidole na kumuuliza kama ni mkewe huyu aliyechagua rangi. Nikamnyang'anya bastola nikaondoka. Watu wakanielekeza kwa Merle Pruitt, mzee mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso.

Huyo hakuwa na haraka. Alifungua skrubu, akaondoa vibao vya mpini, akasoma nambari ya ndani, akalinganisha na ile ya chini ya mpini. Akasema imetengenezwa jimbo la Massachusetts, mwishoni mwa miaka ya elfu moja mia nane, na miaka hiyo inakubaliana na hadithi yetu. Nikaanza kumwona Hulda ukutani. Kisha akavua miwani.

"Nani ameing'arisha?"

Darrell akainua mkono, bado anatabasamu, maskini.

Mzee akamweleza taratibu kwamba kwenye lori mng'aro ndio mali, lakini kwenye silaha kuukuu mali ni ngozi yake ya kwanza, hata ikiwa na kutu. Ingeletwa ilivyokuwa, wakusanyaji wangeigombania. Sasa inauzika kwa bei ya vipuri.

Nikamwambia bei sina habari nayo, mimi nataka jina. Akaichukua tena, akaielekeza kwenye taa, akaitazama kwa kioo cha kukuzia mpaka nikachoka kusimama.

"Palikuwa na maandishi hapa," akasema. "Naona mkia wa herufi, karibu na skrubu. Huenda ni herufi 'a'."

"Basi sema ni Hulda."

"Mama, siwezi kusema nisichokiona."

Nikatoka nje bila kuaga. Darrell akanifuata mpaka kwenye kibanda cha runza, ile mikate ya nyama na kabichi, na pale pale kwenye foleni nikamtolea yote. Nikamwambia Baba alikuwa na shahidi mmoja tu duniani na yeye, Darrell, amemfuta kwa gurudumu la bampa.

Alinisikiliza, kofia mkononi.

"Sikujua kama kuna jina," akasema. "Nilidhani ni hadithi tu, kama wenzake walivyodhani. Wewe ulipakatwa ukaonyeshwa. Mimi nikisogea, Baba aliirudisha kwenye soksi. Alisema mikono yangu inaharibu vitu. Siku nilipokabidhiwa ndiyo siku ya kwanza kuishika, dada. Nilitaka nimwonyeshe Baba, hata kama hayupo, kwamba mikono hii hutengeneza pia."

"Si ungeniuliza?"

"Ungenijibu nini?"

Ningemwambia asiiguse, na ningesema kwa sauti ya Baba kabisa.

Hasira bado ilikuwa tele, ila sikuona tena pa kuiweka. Muuzaji akauliza tunataka ngapi. Nikamnunulia Darrell mkate wake pia, tukala tumesimama, kila mtu akitazama upande wake.