Maji ya Malkia

Asubuhi ya mashindano ya sataranji, kinyozi aliyeteuliwa kuwa mwamuzi alipanga meza katika ukumbi wa mtaa, akazifuta kwa taulo la saluni yake, kisha akasoma sheria kwa sauti. Kete ukiigusa, lazima uicheze. Kila mchezaji ana muda wake kwenye saa, na muda ukimwishia, ameshindwa. Injinia alikuwa ameketi mbele kabisa, juu ya mto aliokuja nao kutoka nyumbani. Sheria hizo alizijua tangu nchi aliyozaliwa, lakini alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

Alikuja kwa mkataba wa miaka miwili, akazeekea hapa. Alistaafu akiwa mkuu wa idara ya maji, akabaki katika nyumba yake kule mlimani. Heshima alikuwa nayo, ila yote ilikuja na cheo: kiti cha mbele, soda ya kwanza, nafasi ya kusema maneno mawili matatu. Kikombe cha sataranji alikitaka kwa sababu hicho hakuna ambaye angempa. Angekichukua mwenyewe.

Katika mchezo wa kwanza, aliponyanyua askari wake, maji yalidondoka kutoka kwenye kitako cha kete. Alipomweka chini, yakakoma. Mwamuzi akaleta kitambaa. Aliponyanyua farasi, yalitoka ya kujaza glasi. Mpinzani wake, seremala, akayaonja kwa kidole.

"Ya bomba haya," akasema, kisha akacheza zamu yake.

Habari zilifika nje kabla mchezo haujaisha. Mtaa ule haukuwa na maji tangu Injinia mwenyewe alipofunga valvu ya chini ili maji yapande mlimani. Ni kwa muda tu, aliwaambia siku ile, mpaka pampu mpya ifike. Pampu ilifika, nayo ikapelekwa mlimani. Watoto waliozaliwa baada ya hapo sasa walikuwa na wachumba, na bado waliteremka bondeni kuchota mtoni kama mama zao.

Kufikia mchezo wa pili, uani kulikuwa na foleni. Mwamuzi alipekua sheria, hakuona zinapokataza maji, akaagiza tu kwamba ubao usilowe. Meza ya Injinia ikasogezwa dirishani. Fundi baiskeli akaleta beseni lililotobolewa, akalichomeka mpira wa maji, akaupitisha dirishani. Ikawa Injinia akishika kete anaizuia kwanza juu ya beseni huku akifikiri. Kete ikiwa kubwa, na maji yanakuwa mengi.

"Mama mwenye dumu, wewe ulikuwa nyuma yangu!"

"Nyuma yako wapi? Mimi nipo hapa tangu farasi wa kwanza!"

Fainali alicheza na fundi cherehani ambaye wateja wake humwita Pindo. Pindo alicheza kama anavyokata kitambaa, bila kurudia. Alimbana Injinia upande wa kushoto, akamsukuma kati, halafu mkono wake ukaelekea kwa malkia wake, amle wa Injinia. Kama wangelana malkia kwa malkia, Injinia angekuwa amekwisha. Wote wawili waliliona hilo.

"We Pindo!" sauti ikatoka dirishani. "Mwache malkia wa watu!"

Pindo akageuka. Katika foleni alisimama mama mkwe wake na ndoo ya bluu, mkono mmoja kiunoni. Pindo akaurudisha mkono kabla haujagusa kitu, akasogeza askari wa pembeni asiye na maana. Kuanzia hapo mchezo ukamgeukia.

Haikuchukua muda Injinia akaiona njia. Hatua moja ya malkia, na mfalme wa Pindo hana pa kukimbilia. Akamnyanyua malkia juu ya beseni. Maji yakaja kwa nguvu, mpira ukatikisika kama nyoka aliyekanyagwa mkia.

"Shikilia hapo hapo, mzee!" watu wakapaza sauti. "Usiweke!"

"Ameshamgusa. Lazima amcheze," mwamuzi akasema.

"Lini?" Pindo akauliza.

"Sheria haisemi lini. Hilo ni la saa."

Saa ya Injinia ilikuwa imebakiwa na dakika kumi. Dumu likajaa, likaja jingine. Ndoo zikapishana. Injinia akatazama foleni mpaka getini, akapiga hesabu kama alivyozoea kazini. Akishika mpaka saa iishe, kila mtu atapata, na yeye atakuwa ameshindwa na fundi cherehani. Bega likaanza kumuuma. Mshale ukasogea.

"Kikombe chukua wewe, mzee," Pindo akasema kwa sauti ya chini. "Nakupa. Shika tu."

"Kupewa sitaki," Injinia akajibu.

Ndoo ya bluu ikafika chini ya mpira. Injinia akamweka malkia ubaoni.

"Mfalme amefungwa," akasema.

Maji yakakata. Mama mkwe akainamisha ndoo, akachungulia.

"Ya kunawa yapo," akasema.

Watu wakapiga makofi, maana alikuwa ameshinda kweli. Mwamuzi akamkabidhi kikombe. Pindo akampa mkono, asiuachie wa Injinia haraka.

"Mzee, mkuu wa maji wa sasa si kijana wako? Si wewe uliyemfundisha kazi?"

"Ni kijana wangu. Asubuhi kanipigia simu, kanitakia heri."

"Basi mwambie afungue valvu," mama mkwe akadakia kutoka dirishani.

Injinia akafikiri kwa makini, kama alivyofikiri siku nzima.

"Mambo hayo yana utaratibu wake, mama. Lakini Jumamosi nina nafasi. Nitakuja tucheze."

Wengi waliona amesema jambo la maana. Mwamuzi akauliza saa ngapi, wakakubaliana saa nane. Fundi baiskeli akaahidi mpira mnene zaidi.

"Tucheze bila saa?" Pindo akauliza.

"Bila saa si mchezo," Injinia akasema, akachukua mto wake na kikombe chake, akapanda mlimani akiwa ameridhika kwamba amewafaa watu.

Uani, wenye ndoo tupu hawakuziondoa. Walizipanga kutoka dirishani hadi getini, kila moja na jiwe ndani, upepo usije ukamnyang'anya mtu nafasi yake. Mama mkwe alimimina yale ya kunawa kwenye sufuria, akarudi na ndoo ya bluu, akaiweka ya kwanza.