Majibu Yaliyokaa Kiti cha Jirani

Dada yangu Bernadine alinishusha mbele ya ukumbi wa chuo, hapa Toledo, akanikagua kuanzia kofia hadi buti. "Haya Marlys, nenda kawapange foleni hao watu wa mafumbo yao. Mimi nakusubiri koridoni."

Nilicheka, nikaingia. Nilitaka uwakili kufa na kupona. Mtihani wa kuingia shule ya sheria nilishaufanya mara mbili, alama hazikutosha, na kanuni zilisema hii ndiyo nafasi yangu ya mwisho kwa muda mrefu. Kilichokuwa kikinimaliza ni mafumbo ya mpangilio: nani kabla ya nani. Safari hii niliapa kuchora mnyororo kwanza, ndipo niguse maswali.

Fumbo la kwanza likaja na mbwa saba wa kuoshwa, mmoja baada ya mwingine. Mweusi kabla ya mweupe, wa madoa baada ya wote wawili. Mnyororo ukasimama, majibu yakaanza kujileta yenyewe. Swali moja lilinigomea. Nikaliruka, nikasonga mbele kwa furaha.

"Dakika tano zimebaki," akatangaza msimamizi.

Ndipo nikaona. Swali nililiruka, lakini kiduara chake kwenye karatasi ya majibu sikukiruka. Tangu pale kila jibu langu lilikuwa limekaa kiti cha jirani. Na fumbo la mwisho sijaligusa!

Nifute, au nikimbilie fumbo? Nilitaka kulia. Lakini yale majibu nilikuwa nimeyatolea jasho, na nilikuwa nimeyazungushia duara kwenye kijitabu cha maswali. Nikafuta yote, nikayahamisha moja moja bila pupa. Fumbo la mwisho nikalijaza kwa kubahatisha, muda wa sehemu ile ukaisha.

Wakati wa mapumziko kijana mmoja alikuwa akijigamba, "Lile la mwisho mteremko tu, jamani!" Nilitamani kumzaba kofi.

Nikamfuata Bernadine. "Nimeharibu. Nipeleke nyumbani."

"Umemaliza?"

"Bado sehemu mbili."

"Basi utangoja, mama. Funguo za gari sizioni."

Alikuwa amezishika mkononi, wala hakujisumbua kuzificha. Nikamtukana. Nikageuka, nikarudi ndani, nikachonga penseli yangu.