Dakika Nne Nyuma ya Friji

Kitu cha kwanza alichokiona Paskazia kilikuwa hatua moja ya kurudi nyuma. Alikuwa anafuta vumbi kwenye rafu ya sebuleni, na kwenye skrini ya sir mtu mdogo mwenye mkoba alikuwa amefika mbele ya sanduku. Kabla ya kulifungua alirudi nyuma hatua moja, akasimama, akasogea mbele tena. Ndani ya sanduku mlikuwa na ufunguo. Jana yake Paskazia alikuwa amemwona mtu yuleyule akifungua sanduku lilelile bila kurudi nyuma, na ndani mlikuwa na mkate.

Alimaliza rafu, akaenda kukunja nguo.

Sir aliitwa Nassir. Babu yake alitoka Unguja, na nyumbani kwake Karama, Dubai, ghorofa ya tatu, walikuwa bado wanasema Kiswahili cha huko. Asubuhi alifanya kazi kwenye kampuni ya mizigo karibu na uwanja wa ndege. Saa tisa alirudi, akala, akakaa mbele ya mchezo uliotoka mwaka aliozaliwa yeye. Ulikuwa mchezo wa mnara wenye vyumba arobaini, na juu kabisa kulikuwa na mzee anayelinda taa. Nassir hakuucheza kama watu wanavyocheza. Aliusimamisha. Sekunde moja ilikuwa na picha sitini, naye alichagua kitufe cha kila picha, moja baada ya nyingine, na akikosea alirudi mahali alipohifadhi akaanza tena. Alitaka mtu wake afike juu haraka kuliko mtu yeyote aliyewahi kufika. Alikuwa na miezi minane kwenye kazi hiyo, na alikuwa amemaliza dakika moja na nusu.

"Umeona alivyorudi nyuma?" alimuuliza Paskazia siku moja bila kugeuka.

"Nimeona, sir."

"Kwa nini?"

Paskazia alikiangalia kitambaa chake. Shule aliiacha darasa la tano, na hakuwa na imani na majibu yake. "Ili apate ufunguo," alisema.

Nassir alicheka. "Mke wangu Shifaa ana digrii, na hajaona. Sikiliza, mwanangu. Bahati haipo. Mashine inahesabu tu: umepiga hatua ngapi, umesimama picha ngapi. Ukijua inahesabu nini, unaiambia ikupe nini."

"Na akipata mkate?"

"Namrudisha. Yeye mwenyewe hajui kama alikosa."

Kesho yake asubuhi Paskazia alifika mlango wa jikoni, akarudi nyuma hatua moja, akaingia. Maziwa yaliyokuwa yanataka kufurika yalishuka. Baada ya hapo alijaribu mengine. Akigonga ndoo mara mbili kabla ya kubonyeza kitufe cha lifti, lifti ilikuwa imeshafika. Akikunja shuka kuanzia upande wa miguuni, mkaa wa ubani uliwaka kwa kiberiti kimoja. Aliyashika hayo kichwani, kama alivyoshika zamani hesabu za kuzidisha, na hakumwonyesha mtu.

Mkataba wake ulikuwa umekwisha mwezi wa pili. Mwezi huohuo dada yake alimtumia ujumbe wa sauti kutoka Muleba. Mama alikuwa na presha ya macho. Daktari alisema anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba. Mvua za vuli zikianza, huenda litakuwa limeziba. Mama alisema anataka kuuona uso wa Paskazia kabla ya hapo. Hakutaka kitu kingine.

Paskazia alimweleza madam. Madam Shifaa alimshika bega. "Maskini. Mama ni mama. Tukimaliza Ramadhani, inshallah."

Pasi ya kusafiria ya Paskazia ilikuwa kwenye kabati la madam, pamoja na dhahabu. Ramadhani ikaisha. Baada ya Ramadhani wakaja wageni wa Idi, baada ya Idi binti wa Shifaa akajifungua, na baada ya arobaini ya mtoto joto likaanza, na wakati wa joto, alisema Shifaa, hapatikani msichana mwingine hata kwa dawa.

Mwezi wa saba Nassir aligundua ukuta. Kwenye chumba cha tatu cha mnara, mtu mdogo akiupa ukuta mgongo, halafu akageuza uso kushoto na kulia kila picha, ukuta ulichanganyikiwa upande alioko, na mwishowe ulimhesabu upande wa pili. Paskazia aliyaona hayo akipitisha chai. Jikoni, kati ya friji na jiko, palikuwa na sehemu ya ukuta inayomtosha mtu mmoja. Alifunika wali, akapunguza moto, akaupa ukuta mgongo, akageuza uso kushoto na kulia. Alipofikia mara ya kumi na moja alikuwa amesimama uani kwa mama yake.

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka anachambua maharage. Kila punje aliileta karibu na jicho. Kuku alisogea, na mama alimwona akamfukuza.

"Mama, nimekuja," alisema Paskazia.

Mama aliinua kichwa. Aliangalia pale aliposimama Paskazia, na macho yake yakapita yakaenda mbele.

"Sauti yako naisikia. Uko wapi?"

"Niko hapa."

Paskazia aliinama akampa mkono. Mama aliupapasa, akafika kwenye kovu la pasi ya nguo chini ya kiwiko.

"Mkono ni wako," alisema. "Lakini naona mgomba ulio nyuma yako. Basi kaa. Usikanyage maharage."

Alikaa dakika nne, kwa sababu wali ungekauka. Jirani yao Agnes alipita na ndoo ya maji kichwani, akasimama kusikiliza.

"Paskazia! Karibu sana! Na zawadi za Dubai, nazo hazionekani?"

"Kazi ni nyingi, mama Agnes. Sikupata nafasi ya kununua."

"Mwili umewaachia Waarabu, hata kanga moja hujaleta," alisema Agnes, akaenda zake.

Mama aliuliza atakuja lini amwone. Paskazia alisema kazi ni nyingi, zikipungua atakuja. Kisha aliupa ukuta wa nyumba mgongo, akarudi.

Shifaa alikuwa jikoni anaonja mchuzi. "Ulikuwa wapi?"

"Kwetu, madam."

"Haya. Wali umeshika chini kidogo."

Tangu siku hiyo alikwenda kila siku wali unapokauka. Shifaa alimwambia asipite na ndoo ya deki, kwa sababu ilimwaga maji nyuma ya friji, na huko ndiko kunakoanza mende. Mara moja alimpa tende za kumpelekea mama yake. Mama alizila akazisifu, ingawa hakuziona.

Metrine, msichana wa Bungoma aliyefanya kazi ghorofa ya nne, alimwomba amfundishe. Paskazia alimfundisha zile hatua zote, mpaka ile ya kufunika sufuria. Metrine alijaribu jikoni kwa bosi wake, akatokea bafuni kwa jirani.

"Si ungeniambia jikoni yetu imegeuzwa!" alimwambia kwenye ngazi, nywele zikidondoka maji. "Friji yetu iko kushoto! Nimetokea kwa yule Mfilipino akiwa anaoga, wewe. Na alikuwa mpole, akanipa taulo."

"Geuza uso kulia kwanza."

"Aki siwezi. Bungoma itaningoja nimalize kontrakti. Wewe yako si iliisha? Basi si uende na mlango kama watu?"

Mwezi wa tisa Nassir alimaliza. Aliwaita mkewe na Paskazia waone. Kwenye skrini mtu mdogo alikimbia vyumba viwili, akaingia cha tatu, akaupa ukuta mgongo, akatokea juu kabisa. Vyumba thelathini na sita hakuvigusa. Maandishi ya mwisho yalitokea. Lakini taa haikuwaka, na yule mzee alikuwa anazungumza na mahali patupu, hatua tatu kutoka pale alipokuwa mtu mdogo.

"Mbona hamwoni?" aliuliza Paskazia.

"Amefika, ila mchezo haujui kama amefika. Mgeni anaandikwa kwenye mlango wa chumba cha nne, na huyu huo mlango hakuupita." Nassir alinyoosha vidole. "Haidhuru. Saa inasimama maandishi yanapotokea. Hiyo ndiyo inayotazamwa."

Paskazia alilielewa hilo jioni ile ile akiosha vyombo. Yeye pia hakuwa ameandikwa. Palikuwa na dirisha moja la kugonga pasi uwanja wa ndege wa Dubai na jingine Dar es Salaam, na hakuwa amepita hata moja. Mpaka apite, mama yake angeona mgomba.

Ukuta wa chumba cha madam aliupita mchana mmoja wenyewe wakiwa kazini. Alitokea ndani ya kabati, kati ya mabaibui. Aliishika pasi yake, akaifungua, akasoma jina lake na la mahali alipozaliwa. Kisha akairudisha chini ya sanduku la bangili. Kibali chake cha kukaa nchini kilikuwa kwa jina la Nassir, na wa kukifunga alikuwa Nassir. Bila hivyo wangetoa taarifa kuwa ametoroka, na kwenye lile dirisha jina lake lingekuwa limeshafika kabla yake.

Kwa hiyo ilibidi Nassir mwenyewe aseme ndiyo. Paskazia aliifanya kazi hiyo kama alivyoona inafanywa. Siku ya kwanza aliweka kikombe cha chai kwa mkono wa kulia, akaomba. Nassir alisema, "Inshallah." Siku ya pili aliweka kwa mkono wa kushoto. "Tutaona." Siku ya tatu alirudi nyuma hatua moja mlangoni. "Ngoja madam arudi sokoni." Alijaribu kusimama picha tano kabla ya kusema sir, na picha tisa. Alijaribu kuomba akiwa ameshika ndoo, na akiwa ameshika mtoto wa binti yao, na Ijumaa baada ya sala, na siku kampuni ilipomsifu Nassir. Aliandika kwenye karatasi ya unga, kwa herufi kubwa, hatua upande mmoja na jibu upande wa pili. Alifanya hivyo siku arobaini. Majibu yalikuwa sita, yakizunguka.

Siku ya arobaini na moja aliuliza jambo jingine.

"Sir, sanduku likitoa mkate kila mara? Umejaribu kila namna?"

Nassir alifurahi kuulizwa. "Basi ufunguo haumo, mwanangu. Mashine ina orodha. Unaweza kuchagua ndani ya orodha. Ambacho hawakukiweka, hata ukae miaka mia, hakitoki."

"Na mtu anaweza kurudi nyuma? Mtu wa kweli?"

"Mtu hahifadhiki, Paska." Alisema hivyo kwa huruma, akageukia skrini.

Siku hiyo Paskazia aliomba mbele yao wote wawili, kwa sauti ya chini, bila hatua yoyote. Shifaa alishangaa kidogo, na lilikuwa jambo la kwanza kumshangaza tangu Paskazia aanze kupita ukutani.

"Pasi ya nini tena, Paska? Si unakwenda kila siku? Mimi Unguja sijafika mwaka wa sita huu, na uwezo ninao."

"Mama hanioni, madam. Ananisikia tu."

"Anakushika mkono. Wangapi hapa Karama wanapata hilo? Muulize huyo wa juu mama yake kamshika lini."

"Tukipata msichana mwingine," alisema Nassir. "Inshallah."

Shifaa alimwongezea siku ile tende na kipande cha sabuni ya maji ya waridi.

Kazi ya Nassir ilitazamwa na watu wa nchi nyingi, wakampongeza kwa siku kadhaa. Kisha alinunua mchezo mwingine, wa zamani zaidi, akaanza upya. Wageni walipokuja Shifaa aliwasimulia kuhusu ukuta, na wawili kati yao waliuliza kama wasichana wao nao wanaweza, kwa sababu tiketi za likizo zimepanda. Pasi ilihamishwa droo ya chini, ili kabati la juu lipate nafasi ya nguo za mtoto.

Mwezi wa kumi na moja mvua ilianza Muleba. Paskazia alifunika wali, akapunguza moto, akatokea uani, na mvua ikamlowesha. Mama alikuwa barazani na ungo wa senene, wale panzi wa kukaanga wanaokuja na mvua. Aliwanyonyoa mbawa kwa vidole, kichwa akiwa amekiinua kama mtu anayesikiliza redio. Kuku alipanda kwenye mkeka akala senene mmoja, kisha wa pili. Mama hakumfukuza.

Paskazia ndiye aliyemfukuza.

"Paskazia? Karibu. Tangu juzi ni giza," alisema mama. "Limeziba. Lakini usihuzunike. Sasa wote nawasikia tu. Agnes namsikia, kuku namsikia, wewe nakusikia. Huna tofauti na mtu yeyote anayekuja hapa."

Agnes alikuwa amekaa upande wa pili wa ungo. "Ndiyo, sasa tumelingana," alisema. "Hata mimi nikimtembelea, nimekuja sauti tu. Binti yako anakuja kila siku, mama Paskazia. Wangu yuko Mwanza, hata kwa sauti haji."

"Anakuja kila siku," alisema mama. Alimsogezea Paskazia ungo, na Paskazia akaketi, akachukua senene, akaanza kunyonyoa. Walifanya hivyo kwa muda. Senene walikuwa wengi mwaka huo, na mvua ilipiga kwenye mabati.

"Na kazi?" aliuliza mama. "Ingali nyingi?"

Paskazia aliliweka chini bawa alilokuwa amelishika. Huko alikotoka wali ulikuwa unashika chini, na alikuwa ameshaanza kusikia harufu yake.

"Si kazi, mama," alisema. "Sijaja hata siku moja. Wamenizuia."