Mutoto wa Jicho Yangu

Mimi ni mutu wa woga, nasema wazi, na mwenye anataka kucheka acheke. Ku soko ya Butembo bananiitaka Mama Chine, juu nilifika Guangzhou mara mbili kuleta biatu na bikwembe. Batu banawaza mwanamuke mwenye alipanda ndege mpaka kule hawezi ogopa kitu. Ni bongo, uongo mutupu! Ile ndege nilipanda macho imefungwa na Zaburi mu kinywa. Lakini woga ya mwaka elfu mbili na mbili, mwezi wa kumi na mbili, ile haikukuwa woga ya ndege. Ilikula na mimi, ililala na mimi, na asubui iliamuka mbele yangu.

Jicho yangu ya kushoto ilikufa zamani, juu ya dawa ya majani yenye bibi moja alinitia akisema itasafisha. Nilimuamini, mujinga mimi. Ya kuume ikabakia peke yake, nayo ikaanza kujaa ukungu. Kiisha nikawa naona mwangaza na giza tu, basi. Bénite, binti yangu mwenye alikuwa ananishika mukono kila siku, sura yake sikuiona miaka mbili. Nilimujua kwa sauti na kwa harufu ya sabuni yake.

Na ilikuwa vita. Mu vita, mutu mwenye haone ni mutu wa kusahauliwa. Siku masasi ilipiga kijiji cha Mbau, batu bote balikimbia mu pori. Muzee Mathe, kipofu, alikuwa amekaa ku kiti mbele ya nyumba. Kila mutu wa familia aliwaza mwingine ndiye amemushika. Balirudi kisha siku tatu, na mimi sitasema balikuta nini. Lakini kutoka ile siku, nikisikia hata mulango inajipiga na upepo, namuita Bénite.

Donc, wakati Bénite alileta habari toka kanisa kwamba misheni moja kule Beni imepata docteur wa macho kwa wiki mbili, Muchina kamili, mwanamuke, roho yangu iliruka. Kiisha ikaanguka. Juu ku soko balisikia, na balianza: "Mama Chine anaenda kutiwa jicho ya Chine! Itafika Pasaka kweli?"

Butembo, ukisema kitu ni "Chinois," umekwisha kuitukana. Lakini acha niseme ukweli, juu mimi nilikuwa kule. Muchina anakupa karatasi ya jina yake kwa mikono mbili, anainama, kiisha anakuuliza kwa heshima yote: unataka qualité gani, première ya bei kali, deuxième, ao troisième ya bei ya chini? Anaweza kukutengenezea kiatu cha kudumu miaka kumi. Nani anajibu "troisième"? Ni sisi! Ni mimi, Jokébed, diaconesse mu kanisa! Nilileta biatu byenye bilikuwa bikiona mvua binafungula kinywa. Sasa banasema docteur atanitia ndani ya jicho kioo kidogo ya plastike, na ile plastike inatoka Chine. Wee! Niliogopa zambi yangu mwenyewe.

Tulipanda camionnette ya maharagi. Ku barrière moja soda mwenye bunduki alipitisha mukono mbele ya uso yangu mara tatu, aone kama ni kweli sione. Mukono ilinukia pombe. Sikupumua mpaka alisema "Kende," piteni. Karibu na Beni tulikutana na batu bengi banatembea na mizigo. Bénite aliniambia banatoka upande wa Mangina, na banasema kule haiko kuzuri.

Ku clinique tulipokelewa na infirmier Ésaïe. Muzuri, mupole, lakini alisoma Tanzania, na Swahili yake ni ile ya redio. Aliangalia jicho yangu na tochi, akasema: "Usiwe na wasiwasi, mama. Kesho daktari atakutoa mtoto wa jicho."

Nilijifunika jicho na mukono.

Sikia vizuri. Kwetu ile ugonjwa tunaiita cataracte, kama batu bote. Mutoto wa jicho, vile mama yangu alinifundisha, ni ule mutu mudogo mwenye unaona ndani ya jicho ya mwenzako ukimusogelea karibu. Mama alikuwa anasema ule ndiye anaonaka, jicho ni nyumba yake tu. Sasa huyu kijana ananiambia bila haya kwamba kesho batamutosha inje! Batamufukuza mwenye nyumba, kiisha batie plastike, na nani anajua kama ni troisième!

"Bénite," nikasema, "funga bitu. Tunarudi Butembo."

"Mama, juu ya nini?"

"Banataka kunitosha mwenye anaonaka! Niko na moja tu! Kama nilitenda mubaya, Nyamuhanga, Mungu wetu, anipige kule nyumbani, hapana ku mikono ya Bachina!" Na nililia. Nilishika chuma ya kitanda na mikono mbili. Bagonjwa bengine nabo balianza kushuka ku bitanda, bakisema kama ni vile, nabo banaenda.

Bénite alimuita Ésaïe. Alielezwa, na nilisikia anagonga ukuta na mukono, anacheka mpaka anakohoa. "Mama yangu mzazi! Mtoto wa jicho ndiyo cataracte! Ni ule ukungu tu tunautoa!"

"Basi sema cataracte!" nikapiga kelele. "Unataka kuniua na Swahili ya Dar?"

Kila mutu mu salle alicheka. Mimi sikucheka hata kidogo.

Docteur Liu mwenyewe alifika mbele ya kulala. Nilisikia miguu midogo, haraka haraka, na sauti ya thermos inafunguliwa. Nikajua: maji ya moto! Kule kwabo, kila mutu anatembea na maji yake ya moto. Hapana chai, hapana sukari, maji tu. Unakohoa, maji ya moto. Umechoka, maji ya moto. Nilikunywa kikombe yake kwa heshima. Kiisha aliuliza kitanda yangu iko namba gani. Ine. Akasema na Ésaïe, nabo bakanihamisha ku ya tano. Ésaïe alieleza kwamba mu luga yake, ine inasikilika sawa neno la kufa. Nilisema sisi bakristo hatuogopake namba. Lakini nilihama mbio, na blanketi yangu yote, hata Bénite alishangaa.

Nilimuambia Docteur Liu kitu nilionaka Guangzhou. Asubui moja nilipita karibu na nyumba ya masomo. Muziki ilitoka mu haut-parleur, na batoto bote bakafunga macho, bakaanza kukanda uso na vidole, polepole, pamoja. Mimi nikasema, Aksanti Yesu, kumbe huku nako kuko sala! Nilisimama ku ukuta, nikafunga macho nami, na mwishoni nikasema Amina kwa nguvu. Ésaïe alipotafsiri, Docteur Liu alicheka sana. Alisema ni mazoezi ya macho, serikali iliyaweka ili batoto basivae lunettes, ao miwani. Naye aliyafanya miaka kumi na mbili. Na alivaa lunettes.

Kesho yake balinilalisha ku meza. Balinipiga sindano chini ya jicho, balifunika uso yangu na kitambaa. Nilisikia bichuma bidogo binagongana mu sahani. Ésaïe alisema: "Usitikisike, mama. Hata kidogo." Ni kumuambia mutu mwenye anazama asilowane. Nilitafuta sala, ilikimbia. Nilitafuta Kinande cha mama yangu, ilikimbia. Français, wapi! Mu kichwa kulibakia tu Kichina ya soko, na kinywa ikajifungula yenyewe:

"Tai gui le!"

Mikono ya Docteur Liu ikasimama. Kiisha nilisikia anajikaza asicheke. Alisema kitu, na Ésaïe akatafsiri na sauti ya machozi: "Anauliza, unasema 'ghali sana' namna gani, na ni bure?"

"Muulize ile plastike ni qualité gani," nikasema chini ya kitambaa.

"Première," akajibu mwenyewe, na Français yake ndogo. "Première, maman."

Nilimuamini nusu. Alimaliza, akaweka bande ku jicho, akaikaza. Kesho saa tatu ya asubui atafungula. Mbele ya ile saa, hapana kugusa. Vumbi ikiingia, jicho imekufa, na hakuna ingine.

Saa tatu ya asubui nilikuwa nimekaa ku kitanda ya tano, kikombe ya maji ya moto mu mukono. Masasi ya kwanza ililia upande wa barabara ya Mangina. Maji ilinimwangikia ku mapaja, sikusikia moto. Mu barabara batu balianza kupiga kelele: "Balifika! Balifika!" Nilisikia bitanda binasukumwa, mulango inapigwa. Miguu midogo ya Docteur Liu ilikuja mbio, na mikono yake mbili ikakandamiza bande yangu. Ésaïe alisema: "Anasema usifungue, mama. Mpaka kesho. Vumbi!" Kiisha gari ya misheni ililia, nabo bakaenda.

Bénite alinivuta tukatoka. Njia ya Butembo ilikuwa imejaa, nilisikia mbuzi, batoto, masufuria, mutu mwenye anaita jina moja bila kuchoka. Na Bénite akaanza kucheka. Ndiyo, kucheka!

"Mama, ungeona! Papa moja amebeba godoro ku kichwa, na kuku imekaa juu ya godoro, inaangalia batu sawa chef!"

"Na masasi?"

"Iko mbali kabisa. Labda basoda banajifunza. Huku batu banatembea polepole, hakuna mwenye anakimbia. Inua muguu, kuko jiwe. Vile vile, mama."

Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa, ya mutu mwenye anachagua muchele. Nikaanza kupumua. Nilijisemea, kama mutoto anacheka, mambo haiko mubaya sana.

Kiisha kitu kikubwa kilipasuka nyuma yetu. Batu balitusukuma, bega ya mutu ikanipiga mu kifua, na mukono ya Bénite ikatoka mu mukono yangu.

"Bénite!"

Hakuna jibu. Nilinyoosha mikono, nikashika upepo. Mutu alinigonga, nikaanguka ku magoti pembeni ya njia, na pale woga ikanimaliza. Nilimuona Mathe ku kiti yake. Nikawaza: vumbi ikiiua, iiue. Mimi sitakaa hapa! Nikatia kidole chini ya bande, nikaiinua kidogo, upana wa kidole tu.

Mwangaza ilinipiga mpaka machozi. Kiisha nikaona majani. Kila jani peke yake! Nikaona mukono ya bibi muzee ku udongo, na mishipa yake, nikauliza ni ya nani, kumbe ni yangu. Nikaona beseni nyekundu, nyekundu kabisa. Nyamuhanga wangu, wasingya, aksanti! Nilifurahi, sitakudanganya, mu katikati ya ile yote nilifurahi.

Kiisha nikaangalia njia. Hakuna mwenye alikuwa anatembea polepole. Batu balikimbia na binywa wazi. Banaume bane balibeba mutu juu ya ubao ya mulango, mukono yake inaning'inia. Moshi ilipanda nyuma ya miti, karibu, karibu sana. Nilitafuta ile godoro na kuku yake. Hakukuwa.

Nikamutafuta mutoto wangu. Banamuke bijana balipita, kumi, makumi mbili, na sikujua ni nani wangu! Mimi niliacha musichana wa mashavu ya duara. Nikatega masikio.

"We mama! Unajificha sawa mutoto?" Ile sauti, inacheka.

Nikageuka. Mwanamuke mukondefu alikuwa anapita batu kwa nguvu, anakuja kwangu. Miaka makumi mbili na ine, na mvi ku paji la uso. Uso yote ilikuwa maji ya machozi. Mudomo wa chini alikuwa ameuma mpaka damu, na mwili muzima ulikuwa unatetemeka. Na ndani ya ile kinywa mulikuwa munatoka sauti ya kucheka, ile yenye nilikaa ndani yake miaka mbili.

Nilishusha bande mbele hajafika. Nilisikia anafuta mukono ku kikwembe, kiisha akanishika, na mukono ilikuwa kavu.

"Mama, bande imesogea. Ulifungula?"

"Nifungule, mimi na woga yangu?"

"Hukuona kitu?"

"Sikuona kitu."

Akashusha pumzi. "Basi twende. Papa na kuku yake bako mbele yetu, banatembea tu."

"Kuku iko rangi gani?"

Akanivusha jiwe kwanza. "Nyeupe, mama. Na mukia mweusi."

"Nielezee vizuri," nikasema, na nikamukaza mukono, na nikacheka kwa nguvu, ili asikie.