Samaki Wangu Amefunga

Kila Ijumaa saa mbili asubuhi mama yangu, Bu Marsini (kwetu mama wa heshima huitwa Bu, na mzee Pak), alitoka na tochi kwenda kuwasaka viluwiluwi wa mbu katika nyumba arobaini za mtaa wetu wa Sumberan. Saa sita alirudi na tumbo limejaa chai. Viluwiluwi hakuwapata. Angewapataje? Mtaa mzima ulijua siku, saa, na mahali anapomulika. Alhamisi jioni ungesikia mabirika ya bafuni yakisuguliwa, shwa shwa shwa, utadhani kila nyumba inasubiri posa. Mama anamulika, maji yanameremeta, anaandika "sifuri", anawekewa chai na ndizi za kukaanga. Miaka kumi na moja ya sifuri. Daftari lake lilikuwa safi kuliko maji yenyewe.

Masika ya mwaka huo homa ya dengi, ile inayoletwa na mbu, ikaingia. Watoto watatu wakalazwa hospitali ndani ya wiki mbili. Wa tatu alikuwa Kinan, binti wa jirani yetu Bu Warti, mwenye miaka mitano na mdomo wa mtu wa hamsini. Alilazwa siku sita. Siku aliporudi, amekonda lakini anadai mkate, mama alikaa jikoni akilifungua na kulifunga lile daftari.

"Tegar, miaka yote hii nimekuwa nakagua nini?"

"Chai, Mama."

Hakucheka. Hapo nikajua mambo ni mazito.

"Akilazwa wa nne," akasema, "tochi hii naitupa mtoni."

Si kwamba hakuwaambia watu. Mara tatu alitangaza kwa kipaza sauti cha msikiti mdogo wa mtaa: mwageni, funikeni, sugueni. Watu wakaitikia ndiyo, Bu, ndiyo. Ila kwetu "ndiyo" ni namna ya adabu ya kumaliza mazungumzo.

Sasa nikiri. Mimi nilikuwa najua viluwiluwi walipo, wote.

Nafuga samaki, wale wadogo wenye mkia kama sketi ya harusi, ambao huingizwa mashindanoni. Wangu anaitwa Raden, jina la watu wa kasri, na anajiona hivyo hivyo: chakula cha dukani anakitazama kama umemtukana. Anataka viluwiluwi hai. Kwa hiyo kwa miaka miwili nilikuwa nazunguka nyuma ya nyumba za watu na chujio la chai. Kisahani kinachokinga maji nyuma ya friji ya Bu Warti. Visiki vya mianzi kwenye uzio. Vikombe vya maji ndani ya matundu ya njiwa wa Pak Gondo, viluwiluwi wa humo ndio walionenepa kuliko wote. Nilijua malisho yangu kama mchunga ng'ombe. Kuyaunganisha na dengi sikuwahi, au labda sikutaka.

Nikamwambia mama. Alinipiga kwa ndala moja. Ya pili akabaki ameivaa, akasema, "Chora ramani."

Nikachora. Akaitazama, kidole chake kikasimama kwa Pak Gondo. Pak Gondo ni mwalimu mkuu mstaafu, ana miaka sabini na minane. Alimfundisha mama kusoma.

"Nikamwambie nini? Mwalimu, vikombe vya njiwa wako vinalaza watoto hospitali? Bora unizike kabisa."

"Hatumwambii kitu," nikasema. "Tunaenda kuomba."

Kesho yake nikavaa shati la batiki, nikamtia Raden kwenye chupa ya mdomo mpana, tukaenda. Mama nyuma yangu na tochi yake.

"Pak, samahani kwa usumbufu. Nina mgeni, hajala tangu jana. Anaomba chochote kilichopo."

Pak Gondo akaichungulia chupa. "Mgeni wako ana mavazi kuliko wewe. Anakula nini?"

"Kilichomo kwenye kikombe cha njiwa, kama hutojali."

Akateremsha tundu, akachomoa kikombe. Akakitazama. Akavaa miwani, akakitazama tena. Maji yalikuwa yanacheza yenyewe.

"Astaghfirullahi! Hawa wote ni wa kwangu?"

"Ni wa Raden sasa, Pak."

Akacheka mpaka njiwa wakashtuka. Kisha, bila kuambiwa, akateremsha matundu mengine matano. Akamwita mkewe aje na koleo wafungue nyuma ya friji. Mwenye nyumba hakuaibika, maana hakuna aliyemshtaki. Alikuwa amelisha mgeni, basi.

Tulizunguka hivyo siku mbili. Bu Warti alipokiona kisahani cha friji yake alimtazama Kinan, halafu akakipeleka mwenyewe kukimwaga kwenye lami ya barabara iliyokuwa inachemka kwa jua. "Mgeni wako asamehe," alisema. "Hawa siwagawi."

Raden akawa na tumbo kama ngoma. Mama akaanza kula tena. Nikajiona daktari.

Wiki haikuisha, Pak Gondo akaniita kutoka barazani. "Tegar! Mlete mgeni. Tumemwekea."

"Mmemwekea nini, Pak?"

Nyuma ya nyumba, kivulini, palikuwa na beseni. Maji safi, jani moja limeelea ndani "wanenepe", na kichanja cha mianzi juu yake paka asinywe. Viluwiluwi wamejaa kama wali.

"Sikutaka aje akute sina kitu," akasema mzee. "Mgeni kuondoka na njaa, ni aibu."

Nyumba ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu walitumia sufuria jipya. Nyumba saba! Mama akakaa chini pale pale ukingoni mwa barabara.

"Umewafundisha kufuga mbu."

"Nimewafundisha ukarimu, Mama."

"Ukarimu walikuwa nao, mjinga wewe!"

Tungefanyaje? Kumwambia Pak Gondo amwage alichomwekea mgeni ni kumtemea mate usoni. Kupokea mabeseni saba na kusema asante ni kuyaagiza mengine kumi na manne. Nikamwendea mama na glasi ya maji walau apoe.

"Toa hapo," akasema. "Jumatatu leo. Nimefunga sunna."

Tukatazamana. Akainuka kama msichana.

Baada ya alasiri kipaza sauti kikakohoa.

"Assalamu alaikum. Tangazo. Yule samaki wa mwanangu Tegar anawashukuru wenyeji wake wote. Kuanzia leo amefunga. Atafuturu siku mtaa wetu utakapomaliza wiki tatu bila mgonjwa mpya wa dengi. Waliomwekea chakula wakimwage leo hii, juani, siyo mferejini. Na atakayemtamanisha aliyefunga, ajue mwenyewe na Mola wake."

Halafu kicheko kikaanzia kwa Pak Gondo, kikaruka uzio mpaka uzio. Na nyuma ya kicheko, sauti tamu kuliko zote: maji yakimwagwa, shwaa, shwaa, nyumba hadi nyumba.

Kuanzia hapo watu hawakuniuliza tena hali yangu. "Raden vipi, bado amekaza?" Visahani vya friji vilikaushwa kila asubuhi ili asije akashawishika. Kinan aliunda jeshi la watoto wa kuchungulia visiki, na visiki vikajazwa mchanga. Mama akaacha kwenda Ijumaa. Alitokea siku yoyote, saa yoyote, chai haijachemka. Kwa siri, na hili lisimfikie Pak Gondo, Raden alikuwa anakula chembe za dukani, amenuna.

Wiki tatu zikaisha. Wa nne hakulazwa.

Siku ya futari ya samaki mtaa ulitandika mikeka barabarani, wali wa manjano ukasimama katikati kama mlima. Kinan akaibeba chupa, amepanda mabega ya baba yake. Kilichokosekana ni chakula cha mgeni rasmi. Tulitafuta tangu asubuhi, nyumba arobaini, mama anamulika, mimi na chujio langu. Hakuna hata kiluwiluwi mmoja wa kutolea sadaka.

Mama akafungua daftari mbele ya watu wote. "Sifuri," akaandika. Mara hii alibonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Basi Kinan akachovya kidole kwenye wali, akamdondoshea Raden punje moja. Raden akaimeza. Akafikiri. Akaitema.

Pak Gondo akatikisa kichwa. "Wageni wa siku hizi," akasema, "wanachagua."