Makohozi ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu, Loisi, hawezi kuona chombo kimepungua akakiacha. Ukibandika maji ya ugali yakawa machache, atayaongeza. Ukimpelekea jirani mlenda kidogo, atakufuata njiani na upawa. Wanawake wa hapa Chang'ombe wanamcheka, mimi ananikera, na nampenda kuliko ninavyoweza kumwambia. Tangu atoke Mlali kuja kukaa nasi, binti yangu Ruthu halali kitanda kingine ila cha bibi yake.

Mwaka huu nilipata kazi ya upishi kwenye shule ya chekechea, kazi niliyoihangaikia mpaka soli za viatu zikaisha. Mwalimu mkuu, Mwalimu Devota, alitaka nianze Jumatatu nikiwa na cheti cha afya. Kule zahanati, kwa kuwa mdomo wangu hauna breki, nikasema nimekuwa nikikohoa tangu nilipougua mafua. Nesi Anjelina akanipa kikopo chenye mfuniko. Nikiamka, kabla sijala chochote, nikohoe kutoka kifuani nilete makohozi.

"Siyo mate, dada," akasisitiza. "Makohozi."

Asubuhi nilisimama uani nikakohoa mpaka macho yakanitoka. Kikohozi chenyewe kilikuwa kimeshapona. Nikatema mate, nikafunika, nikasema potelea mbali, watapima hayo hayo. Nilipotoka kuoga nikakuta Mama ameshakifunga kikopo kwenye mfuko mweusi, akanikabidhi kama ananipa chakula cha safari. Nikamshukuru. Kule zahanati nesi alikiangalia akasema leo nimejitahidi, nami nikaona sifa.

Ijumaa wakanipigia simu niende. Nesi akanikalisha nje penye upepo, akaniambia taratibu kwamba vimelea vya kifua kikuu vimeonekana, kwamba kinatibika na dawa ni bure, ila kazi ya jikoni isubiri kwanza. Sikusikia habari ya dawa. Nilisikia ya kazi.

Nikampigia Mwalimu Devota palepale. Akasema anaweza kunisubiri mpaka Jumatano, zaidi ya hapo kuna mwanamke mwingine anaitaka nafasi. Nikarudi nyumbani, nikatenga kikombe changu na sahani yangu, nikamkataza Ruthu asinisogelee, nikakaa kizingitini nikalia. Mama akauliza kuna nini. Nilipomwambia, akakaa chini kwenye vumbi.

"Mwanangu, siyo yako," akasema.

"Nini siyo yangu?"

"Yale makohozi. Niliona umetema mate tu. Nikasema watakurudisha, kazi itakupotea. Nikamwaga, nikakujazia mimi. Mimi asubuhi sikosi."

Nilipandwa na hasira. Nilimfokea mama wa watu mpaka jirani akapunguza redio asikie vizuri. Katikati ya kufoka ndipo neno lake la mwisho likanifika. Asubuhi hakosi. Amekohoa tangu tulipopura alizeti, akasema ni vumbi, akacheka, nasi tukacheka naye, na huku kanga zake zilikuwa zinazidi kumlegea kiunoni. Hasira ikaniishia mdomoni. Niliogopa, na safari hii siyo kwa ajili ya kazi.

Yeye alikuwa ameshainuka anatafuta begi.

"Nirudisheni Mlali. Nisije nikamuua mtoto."

"Huendi popote!" Nilikuwa bado nafoka, maana hiyo ndiyo sauti niliyobaki nayo. "Ukifika Mlali, wewe nani atakujazia?"

Akaliweka begi chini, akaanza kulia, nikalia naye.

Kesho yake tukaenda zahanati wote watatu, mimi, Ruthu na Mama, Mama kavaa barakoa. Nesi Anjelina hakujua acheke au akasirike, akaanza na kukasirika. Akamweleza Mama kwamba angeweza kunimezesha dawa za ugonjwa nisiokuwa nao, na yeye akabaki na wake. Mama akaitikia "ndiyo, mwanangu" kwa kila neno. Kisha nikapelekwa nyuma ya jengo nikohoe upya, nesi akiwa pembeni ananitazama. Hakikutoka kitu. Mama, aliyeamriwa akae mbali, akapaza sauti kutoka kwenye benchi.

"Inama! Vuta pumzi mpaka tumboni! Kohoa kama umepaliwa na ubuyu!"

Nikacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikaleta kilichotakiwa.

Majibu yalitoka Jumanne. Mimi sina, nikapewa cheti. Mama anacho. Ruthu akapewa dawa za kumkinga. Mama alale peke yake kwa sasa, madirisha wazi, na kila asubuhi awepo mtu wa kumwona akimeza dawa kwa macho yake. Mume wangu Nathanaeli yuko kwenye ujenzi kule Zuzu, anarudi mwisho wa wiki. Nesi hakuhitaji kuuliza ni nani.

Jumatano Mama alizitazama zile tembe kana kwamba zimemtukana.

"Nenda kazini, utachelewa. Nitameza mwenyewe."

"Meza nikuone."

Alimeza ya kwanza ikamkwama. Nikampigapiga mgongoni, nikamwongezea maji, nikambembeleza, nikamtisha. Ya mwisho iliposhuka, wafanyakazi wenzangu walikuwa wameshapuliza moto.

Mwalimu Devota alikuwa getini akipokea watoto.

"Siku ya kwanza tu, Yasinta?"

Ningeweza kusingizia bodaboda. Wazazi walikuwa wamesimama pale, na nafasi hii nimeitafuta sana.

"Shikamoo, mwalimu. Nilikuwa namsimamia mama yangu ameze dawa. Ana kifua kikuu. Mimi nimepimwa, sina."

Mzazi mmoja akamvuta mwanawe karibu. Mwalimu Devota akakisoma cheti changu mpaka mwisho, nami nikasimama nikisubiri kurudishwa.

"Na kesho atameza?"

"Kesho na kila asubuhi, mpaka amalize. Nikiwa nimesimama mbele yake."

"Basi kesho mwamshe mapema zaidi," akasema, akanisogezea geti nipite. "Ingia. Watoto hawajanywa uji."