Pikipiki ya Baba Mkwe

Mimi ni fundi pikipiki hapa Ikungi, na nina hasira. Sifichi, mtaa mzima unajua. Mtu akiniletea pikipiki aliyoiharibu kwa uzembe, namsema kwanza mpaka aone haya, ndipo nashika spana. Lakini mbele ya baba mkwe wangu, Mzee Yeremia wa Sepuka, mdomo huu unafungwa kabisa.

Kuna sababu. Mwaka jana nilimjibu mzee vibaya kwenye harusi ya watu, tena mbele ya wazee wenzake. Akamchukua binti yake, mke wangu Leah, akakaa naye Sepuka msimu mzima wa kilimo. Niliishi na sufuria chafu na njaa mpaka wazee wakaketi, nikaomba radhi, Leah akarudi. Wakati ananipa mkono mzee alisema kitu kimoja tu: "Kikao kingine hakitakuwepo." Nilimwelewa vizuri.

Sasa siku moja rafiki yangu Melkiori akaja gereji. Watoto wake wawili wanatembea mbali mno kwenda shule, na yeye alikuwa amejinyima tangu mavuno ya alizeti ili anunue pikipiki iliyotumika ya kuwapeleka. "Nimepata moja Sepuka," akasema. "Twende ukanikagulie, Festo. Ukisema ndiyo, nachukua. Ukisema hapana, naacha. Mimi sina macho mengine." Na mimi mjinga hata sikuuliza ni ya nani.

Nilijua ni ya nani tulipokata kona ya mashine ya kusaga, njia ya kwa baba mkwe. Nikataka kurudi nyuma, lakini mzee alikuwa amesimama uani na majirani zake, ameshaniona, na anatabasamu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Kumbe fundi mwenyewe ni wewe! Basi kazi imekwisha."

Ilikuwa pikipiki kuukuu ya tangi jekundu, imeoshwa inang'aa. Kwetu mkwe hachuchumai mbele ya baba mkwe, ni utovu wa adabu, kwa hiyo niliomba ruhusa kwanza. "Chuchumaa, kazi ni kazi," akasema, na majirani wakacheka.

Niligusa injini kabla ya kuiwasha. Ya moto. Ukienda kununua pikipiki kuukuu ukakuta injini ina moto kabla hujafika, ujue imepashwa ili usione inavyogoma ikiwa baridi. Nikapiga kiki, nikatazama nyuma: moshi wa bluu, maana yake inakula oili. Meno ya sproketi, lile gurudumu linalovuta mnyororo, yamechongoka. Hayo yote ni uzee, yanatibika, hayakunitisha. Kisha nikainua tairi la mbele, nikazungusha usukani polepole, nikapitisha kidole gumba chini ya tangi, kwenye shingo ya fremu, pale fremu inaposhikana na usukani. Palikuwa na stika ya simba. Nani anabandika stika mahali pasipoonekana? Chini yake palikuwa na uvimbe: rangi nene, puti ya kuzibia, kovu la kuchomelea. Na pale stika ilipoishia, ufa mwembamba ukanasa ukucha wangu.

Jamani! Shingo ikikatika pikipiki ikiwa kwenye mwendo, tairi la mbele linakwenda kwake na wewe unakwenda kwako. Nikawaona watoto wa Melkiori, mmoja mbele amekalia tangi, mwingine nyuma, na mabegi yao ya shule.

"Vipi mwanangu?" mzee akauliza. "Mwambie mwenzako."

"Ina... vitu vidogo vidogo, baba."

"Vitaje."

Majirani wakasogea. Melkiori ananikodolea macho kama mtoto anayesubiri kugawiwa nyama. Nikisema hapana, nimemwita baba mkwe tapeli uani kwake, na Leah anarudi Sepuka moja kwa moja. Nikisema ndiyo, nimewazika watoto wa mwenzangu. Nimnong'oneze njiani? Melkiori hana siri hata kidogo, angerudi mbio kumuuliza mzee mbele ya kijiji kizima. Nilibanwa, nakwambia, nilibanwa mpaka jasho likaniingia machoni. Mdomo ukajisemea wenyewe.

"Naichukua mimi."

"Unasemaje?" Melkiori akauliza.

"Naichukua mimi mwenyewe, baba. Imenipendeza."

Melkiori hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alisema tu, "Nimekuleta uwe macho yangu, unanipokonya tonge mdomoni," akageuka, akaondoka peke yake kwenda barabarani kutafuta gari.

Mzee naye alinishangaza. Alikataa katakata kulipwa. Alisema huku anatazama chini kwamba mtu hamuuzii mkwe wake, ichukue, iwe zawadi yangu kwa Leah. "Ila siku moja nataka niione imembeba." Mama mkwe akapiga vigelegele huko jikoni. Nikashukuru. Ningefanya nini?

Niliiendesha mpaka Ikungi taratibu, baiskeli zinanipita, kila shimo nalisikia kwenye meno.

Leah alilia kwa furaha. Kwake ile haikuwa pikipiki, ilikuwa ni baba yake kaikubali ndoa yetu. Kila jioni anaifuta vumbi. Utasema, wewe si fundi, si ungeitengeneza? Shingo iliyokwisha kuchomelewa ikapasuka tena haina dawa, ni kubadili fremu nzima, na Leah amekaa gereji na mimi miaka, asingekosa kuuliza fremu ya baba imekwenda wapi. Basi nikawa mwongo wa kila siku. Leo plagi, kesho breki, keshokutwa mvua. "Fundi gani wewe," Leah ananitania, "pikipiki za watu zinapona, ya kwako kila siku mgonjwa?" Melkiori tukipishana njiani anatazama upande. Nilianza kuogopa kurudi nyumbani kwangu mwenyewe.

Jumapili moja asubuhi mzee akaja mwenyewe kutoka Sepuka. Shikamoo, marahaba, chai. Kisha akauliza, "Mbona sijaiona ikipita?"

Leah akadakia. "Leo tunakwenda nayo kanisani, baba! Ngoja nivae."

Nilikuwa nimeshachomoa waya wa plagi. Nikatoka nje nikapiga kiki kwa bidii, nikafoka, nikaipiga teke. Mzee amesimama mlangoni na kikombe chake. "Imegoma," nikasema.

Leah akatoka na gauni lake la kanisani, mtoto wetu mgongoni. Akainama, akacheka. "Fundi mzima! Si waya umechomoka huu?" Akauchomeka. "Haya, piga."

Nikapiga, kwa sababu wote wawili walikuwa wananitazama. Ikawaka mara moja, balaa lile. Leah akapanda nyuma, akanishika kiuno. Nikafungua mdomo. Neno lilikuwepo, naapa, lilikuwa kwenye ulimi.

"Leah, shuka!"

Si mimi niliyesema. Ni mzee. Kikombe kilikuwa kimemwanguka na chai imemwagikia viatu vyake. Alikuja mbio, akazima pikipiki, akapeleka kidole chini ya tangi, moja kwa moja kwenye stika ya simba, bila kutafuta.

"Shingo imepasuka," akasema. "Niliichomelea mimi, nikaipaka rangi mimi. Siku ile nilidhani mumeo ameiona, ameichukua akaitengeneze kimyakimya anistiri. Leo nimekuja kuona kama ameitengeneza." Akanigeukia. "Uliiona?"

"Niliiona, baba."

Leah alishuka. Akamtazama baba yake, akanitazama mimi, akautazama ule waya. "Kwa hiyo kila mmoja anamwachia mwenzake aseme," akasema, "na mimi na mtoto tumeshapanda." Sijawahi kuuona uso ule, na sitaki kuuona tena. Kisha akamgeukia mzee. "Na watoto wa Melkiori, baba? Wao ulitaka nani awaambie washuke?"

Mzee akainama kuokota kikombe chake.

"Nendeni kwake. Wote wawili. Na hilo lidude msilipande, lisukumeni."

Tukalisukuma. Mzee ameshika usukani, mimi nasukuma nyuma, na watu wa Ikungi wamejaa barabarani wanakwenda kanisani. Shikamoo mzee! Kulikoni, imekufa? Mzee anaitikia marahaba, marahaba, shingo imekakamaa. Aibu niliyoikimbia kule uani Sepuka ilinisubiri huku mjini, tena kubwa zaidi.

Tulimkuta Melkiori anatoka kwake na wanawe wawili, wamepanda pikipiki. Nyingine, kuukuu, ya kijani. Alikwenda kuinunua Shelui kwa hasira.

"Nani alikukagulia?" nikamuuliza, hata salamu sikutoa.

"Nani? Fundi wangu si alinigeuka?"

Nikachuchumaa pale pale, mbele ya baba mkwe, bila kuomba ruhusa ya mtu. Nikashika tairi la nyuma nikalitikisa. Likacheza kushoto na kulia kama jino bovu. Bushi zinazolishikilia zimekwisha kabisa. Pikipiki ya namna hiyo ikishika kasi kwenye lami inaanza kuyumba, na ikianza kuyumba huishiki tena.

"Melkiori, usiwapakie watoto kwenye hii. Nakuomba."

Akacheka, kicheko kibaya. "Na hii nayo imekupendeza?"

Akapiga kiki. Wanawe wamekaa, mmoja mbele, mwingine nyuma, kama nilivyowaona siku ile. Nikapiga kelele, nikaapa kwa mama yangu, nikaung'ang'ania usukani. "Toa mkono, Festo," akasema. Mdomo wangu ulikuwa umefunguka wote sasa, na hakukuwa na mtu wa kuuamini.

Mzee Yeremia akanisogeza kwa bega. Akaivuta pikipiki yake mpaka karibu na miguu ya Melkiori, akachuchumaa, magoti yakamlia. Akaibandua stika ya simba kwa ukucha, taratibu, ikatoka na rangi na puti. Watu walikuwa wamesimama barabarani wanatazama.

"Tazama nilichotaka kukuuzia," akasema. "Mkwe wangu alikiona. Alinyamaza kwa sababu yangu."

Melkiori aliinama juu ya mtoto wake wa mbele, akaweka kidole kwenye ufa, akakiacha hapo. Akamtazama mzee, kisha akanitazama mimi, muda mrefu. Akazima injini.

"Shukeni," akawaambia wanawe.